Shamima na Funguo za Watu

Kwa miaka kumi na mmoja Shamima alikuwa keateka, yaani mtunzaji, wa ploti ya vyumba kumi na sita vya kupangisha pembeni mwa mji wa Meru, na katika miaka hiyo yote hakuna mpangaji aliyewahi kulalamika kwamba aliingiliwa chumbani bila hodi. Alikuwa mtu wa mji hasa. Baba yake alikuwa mchinjaji, na babu yake pia, na mambo ya asili yao yalikuwa yamechanganyika kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua tena kuyafumbua. Akiulizwa kabila, Shamima alijibu, "Mimi ni wa hapa hapa," kisha akaendelea na kazi yake. Mume alikuwa ameshaondoka zamani. Binti yao wa pekee, Shukri, alikuwa ameolewa Isiolo. Wapangaji walimwita Mama Shukri.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Kufagia ua, kufungulia maji ya tangi saa kumi na mbili asubuhi, kuamua nani ataanika wapi siku ya jua. Ndani ya chumba chake, nyuma ya mlango, kulikuwa na ubao wenye misumari kumi na sita, na kila msumari ulining'iniza ufunguo wa akiba wa chumba kimoja. Wapangaji waliujua ubao huo na haukuwakosesha usingizi. Mtu akipoteza ufunguo wake mjini, alikuja kwa Mama Shukri akafunguliwa. Mama Shukri mwenyewe akiwa na haja na mpangaji, alikwenda mlangoni akapiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, alirudi.

"Hodi ni tatu," alizoea kusema. "Ukipiga ya nne unataka kuingia kwa nguvu."

Mwenye ploti alikuwa Mwalimu Muriuki, mwalimu mkuu mstaafu aliyeishi Kiirua akilima viazi na kabeji. Hakuwa mtu mbaya. Paa likivuja alileta fundi kabla ya wiki kuisha, na wenye ploti wa namna hiyo ni wachache.

Yote yalianza mwezi wa pili, ploti ya ng'ambo ya barabara ilipoungua. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Waya uliopitishwa chini ya zulia ulishika moto katika chumba ambamo mama mmoja alikuwa amewafungia watoto wake wawili akaenda kufulia watu nguo. Majirani walisikia sauti za watoto, wakaukuta mlango una kufuli kubwa. Shamima alikuwa miongoni mwa waliobeba maji. Ndoo yake ya tatu ilipofika, sauti zilikuwa zimenyamaza.

Kesho yake Mwalimu Muriuki alikuja. Alisimama barabarani, kofia mkononi, akizitazama kuta nyeusi. Kisha akavuka, akaketi kwenye kigoda cha Shamima uani.

"Mama Shukri," alisema, "kuanzia mwezi huu kila chumba changu kikaguliwe. Waya, gesi, majiko, madirisha. Sitaki kuzika mtoto wa mtu."

"Ni haki, Mwalimu. Lakini tuwaambie kwanza. Na mwenye chumba awepo."

"Siku mbili kabla. Sawa?"

"Sawa."

Walinunua daftari. Mwezi wa kwanza wa ukaguzi mambo yalikwenda vizuri, tena yalileta faida. Katika chumba kimoja Shamima alikuta nyaya mbili zimeunganishwa kwa karatasi ya nailoni. Katika kingine mtungi wa gesi ulikuwa umefichwa uvunguni, mdomo umelegea, na mwenyewe alikuwa akidhani ile harufu ni ya choo cha jirani. Mafundi waliitwa. Wapangaji walishukuru, wakamkaribisha chai.

Tatizo ni kwamba vyumba vitano havikuwahi kuonekana. Wenyewe walitoka alfajiri wakarudi kiza kimeingia, na Jumapili wakashinda kanisani. Mwezi uliofuata vikawa saba. Mwalimu Muriuki alipopewa daftari na kuona nafasi zilizobaki wazi, alizipigapiga kwa kidole.

"Moto haungoji mtu atoke kazini, Mama Shukri. Funguo unazo."

"Funguo ni za shida, Mwalimu. Mtu ana nguo zake za ndani mle. Ana dawa zake. Ana mambo ambayo hata mamaye hayajui."

"Na wale watoto wa ng'ambo? Wao hawakuwa na mambo?"

Shamima alilichukua daftari. Alikuwa bado anaisikia ile kufuli ikigongwagongwa kwa mawe.

"Tena upige picha kwa simu unitumie," Mwalimu aliendelea. "Goti hili haliniruhusu kuja kila mara. Nataka nione kwa macho yangu."

Akakubali. Baadaye, watu walipomuuliza, hakusema alilazimishwa. Alisema alikubali.

Katika chumba cha tisa, kile cha nyuma kabisa, alikaa Kagwiria na binti yake wa miaka minane, Maxine. Walikuwa wamefika mwaka uliotangulia na sanduku moja, wote wamelowa mvua. Kagwiria alikuwa na kovu lililotoka sikioni likashuka hadi shingoni. Alipata kazi katika jiko la hoteli moja mjini, akamwingiza mtoto shule ya karibu, akanyamaza. Siku ya kwanza alimwambia Shamima jambo moja tu: "Mama, mtu akija kuniulizia, simo." Shamima hakuhitaji kuelezwa zaidi. Tangu siku hiyo, kila mgeni wa kiume aliyeingia getini alisailiwa kama yuko mpakani.

Siku aliyofungua chumba cha tisa kwa ufunguo wa akiba, Shamima alipiga hodi tatu ingawa alijua hakuna mtu. Ndani kulikuwa safi. Mto mmoja kwa watu wawili. Sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Alihisi aibu kana kwamba amemkuta mtu akioga. Angegeuka, lakini macho yake yaliangukia ukutani. Kulikuwa na koili ya kuchemshia maji isiyokuwa na plagi. Nyaya mbili tupu zilikuwa zimechomekwa moja kwa moja kwenye tundu la stima na kukazwa kwa vijiti vya kiberiti. Chini yake kulikuwa na beseni la maji. Mtoto wa miaka minane alikuwa akirudi humu peke yake kila alasiri.

Alipiga picha akamtumia Mwalimu. Jibu lilirudi upesi. "Hii ni hatari kubwa. Iweke kwenye kikundi cha ploti wengine wajifunze. Usitaje chumba."

Shamima aliitazama picha muda mrefu. Alitafuta sura ya mtu, hakuiona. Hakukuwa na namba ya mlango. Akaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp walichokuwamo wapangaji wote, akaandika chini yake: "Ndugu zangu, hivi ndivyo watu wanavyokufa. Tafadhali."

Alikuwa ametafuta sura, hakutafuta kingine. Nyuma ya ile koili kulikuwa na msumari, na kwenye msumari sweta la shule, beji yake imeelekea kamera. Kando ya sweta kulikuwa na mchoro wa nyumba na jua, na chini ya mchoro mtoto alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa za rangi.

Kagwiria alirudi kutoka kazini akaja moja kwa moja kwa Shamima, hata viatu hajabadilisha.

"Mama Shukri, itoe. Tafadhali itoe sasa hivi."

Ikatolewa hapo hapo. Lakini mmoja wa wapangaji alikuwa ameshaicheka na kuituma kwa ndugu zake Embu, waone vijiti vya kiberiti vinavyofanya kazi ya plagi. Ndugu nao wana ndugu. Picha ya kuchekesha haina breki.

Siku ya pili fundi alikuja akaweka plagi mpya, na Kagwiria akamshukuru. Jioni alionekana akitembea na Maxine mkono kwa mkono kutoka shuleni, jambo ambalo hakuwa na nafasi ya kulifanya kabla. Alikuwa ameomba zamu ya asubuhi. Alidumu nayo siku tisa, kisha hoteli ikamrudisha zamu ya mchana.

Siku ya kumi na moja, Alhamisi, Nyaga, mume aliyekimbiwa na Kagwiria, alikuja kutoka Kiritiri, upande wa Embu, ambako picha ilikuwa imemfikia. Shamima hakumwona kabisa. Alikuwa ameketi getini tangu asubuhi, macho njiani, lakini yule bwana hakuwa na haja ya geti. Beji ya sweta kwenye picha ilikuwa imemwelekeza shuleni. Alivaa shati safi, akaongea kwa upole, akatoa cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina lake kama baba. Mtoto alimwita baba. Walimu wangemzuia kwa lipi?

Alipofika nusu ya safari na mtoto, ndipo alipompigia mkewe simu.

Kagwiria aliingia uani akikimbia, kisha akaacha kukimbia, kana kwamba amekumbuka kwamba haina maana. Shamima alimfuata hadi mlangoni. Alimkuta akikunja nguo.

"Twende tukapige ripoti," Shamima alisema. "Mimi nitasimama na wewe. Nitasema kosa ni langu."

"Nimeshawahi kupiga ripoti, mama. Mara tatu. Kila mara niliambiwa nirudi tukaelewane na mzee wangu."

"Basi usiende. Mtoto tutamtafuta kwa njia nyingine."

Kagwiria aliketi kitandani, sweta la pili la shule mapajani. "Yeye hakumchukua kwa sababu anamtaka. Amemchukua ili mimi nifuate. Nikikaa hapa wiki moja, mtoto ndiye atakayelipa."

Shamima aliketi kando yake.

"Si wewe, Mama Shukri," Kagwiria alisema. "Ni ile picha tu." Alisema kwa upole, kama anayemfariji mfiwa, na upole huo ndio uliomkata Shamima maini. Saa kumi kasoro alikuwa ameondoka na lile sanduku moja.

Baada ya wiki tano Shamima hakuweza kuvumilia. Alimwachia jirani geti, akateremka Embu, na kutoka Embu akapanda gari la Kiritiri siku ya soko. Joto la kule lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria. Alizunguka penye mbuzi, akazunguka penye makaa, na mwishoni akamwona Kagwiria penye nafaka, amekaa nyuma ya gunia la ndengu. Kando yake, bega kwa bega, alikaa mwanamke mwingine mwenye sura ya ukali aliyekuwa akimtazama kila aliyekaribia. Baadaye Shamima aliambiwa na muuza nyanya kwamba yule ni wifi yake Kagwiria, dada wa Nyaga.

Kagwiria aliinua macho. Yalitua kwa Shamima, yakapita.

"Kilo ngapi, mama?"

"Mbili," Shamima alisema.

Alipima kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa chini ya leso. Shamima aliuliza, "Watoto hawajambo?" kama mteja yeyote anavyoweza kuuliza.

"Yupo. Haendi shule kwa sasa," Kagwiria alisema, akamkabidhi mfuko.

Wifi aligeuza shingo. Shamima alishukuru akaondoka. Njia nzima hadi Meru aliushika ule mfuko mapajani, na alipofika akaugawa kwa majirani, kwa maana hakuweza kuzipika zile ndengu.

Wiki ile ile aliushusha ubao. Alikwenda mlango kwa mlango akamkabidhi kila mpangaji ufunguo wake wa akiba. "Nyumba ni yako," aliwaambia. "Hata mimi sina ruhusa." Wengine walimkumbatia. Mwalimu Muriuki hakuambiwa. Daftari liliendelea kujazwa kila mwezi. Shamima alisimama nje ya kila mlango, akauliza, "Kuko salama?" akajibiwa, "Salama," akaandika: Sawa. Kwa wasiokuwepo pia aliandika: Sawa. Kuhusu picha, alimwambia Mwalimu kwamba simu imeharibika kamera.

Mwezi wa saba baridi ilishuka kutoka mlimani ikakaa. Ukungu ulikuwa haufumuki hadi adhuhuri. Katika chumba cha kumi na tatu alikuwa akiishi Mzee Abubakr, aliyechinja pamoja na baba yake Shamima miaka mingi. Sasa alikuwa na umri wa miaka sabini na sita, kifua kikimkereketa, mke amekufa, watoto wametawanyika. Alimwita Shamima binti yangu, na ploti nzima yeye peke yake ndiye aliyemjua tangu akiwa na meno ya utoto.

Jioni moja, baada tu ya sala ya magharibi, Shamima alipita mbele ya mlango wake akanusa makaa. Alisimama. Akapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi Shamima. Mzee, una jiko humo ndani?"

"Lilikuwepo. Linazimika sasa hivi."

"Litoe nje, Mzee. Moshi wa makaa hauonekani, lakini unaua."

"Nitalitoa, binti yangu. Nina kikoi tu hapa, usiingie."

Mlango haukuwa umekazwa. Uliachia ufa wa kidole, na mwanga mwekundu ulionekana chini ukutani. Angeusukuma kwa kiganja, ungefunguka. Mzee angekasirika, angefunika magoti yake, na jiko lingetoka. Shamima aliinua mkono. Akamkumbuka Kagwiria akikunja nguo. Akaushusha.

"Fungua dirisha basi, Mzee."

"Nimesikia. Lala salama."

Asubuhi hakumsikia akipita kwenda msikitini. Alidhani ni baridi. Maji ya tangi yalifunguliwa, watoto wakaenda shule, pazia la chumba cha kumi na tatu halikusogea. Saa mbili Shamima alipiga hodi tatu. Akapiga ya nne. Akapiga ya tano na ya sita kwa ngumi, akiita, na safari hii mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ufunguo wa akiba alikuwa nao Mzee mwenyewe. Wanaume wawili walikuja na mtaimbo wakavunja.

Alikuwa amelala ubavu, blanketi hadi kidevuni. Jiko lilikuwa kando ya kitanda, juu ya kipande cha kigae, lina majivu tu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia ili upepo usiingie. Walimfunga taya, wakamzika siku hiyo hiyo baada ya polisi kuruhusu, na Shamima alibaki nyumbani na wanawake, akipika.

Polisi walitaka daftari. Mwalimu Muriuki alikuwepo, mkongojo mkononi, na yeye ndiye aliyelisoma kwa sauti, kwa sababu miwani ya askari ilikuwa imevunjika. Chumba cha kumi na tatu, mwezi wa tano: Sawa. Mwezi wa sita: Sawa. Mwezi wa saba, siku sita tu zilizopita: Sawa.

"Uliingia?" Mwalimu aliuliza.

"Sikuingia."

"Vyumba vingapi hukuingia?"

"Vyote, Mwalimu."

Alilifunga daftari polepole. Hakupiga kelele. Machozi yalimteremka kwenye ndevu zake nyeupe na hakuyafuta. "Mama Shukri," alisema, "mimi goti langu ndilo bovu. Nilikuwa naona kwa macho yako."

Shamima angeweza kumweleza habari za Kiritiri, za mkono uliofungwa kitambaa. Alianza. Lakini kila sentensi aliyoianza ilisikika kama ya mtu anayejitetea juu ya maiti, akaiacha. Aliandikisha taarifa kituoni mara mbili. Kisha hakuitwa tena, wala hakuna aliyemwambia kama jambo limekwisha.

Kazi ilikwisha. Mwalimu aliiweka ploti mikononi mwa ajenti mmoja, Kathuri, kijana mwenye haraka, aliyebadilisha vitasa vyote na kubaki na ufunguo mmoja unaofungua milango yote kumi na sita. Kathuri hapigi hodi. Wapangaji sita walihama wiki za mwanzo, wakaenda kupanga vyumba vya mabati karibu na mto, ambako hakuna anayekagua kitu chochote, na ambako, kwa jinsi wanavyosema, stima inapita kwenye kamba za kuanikia nguo.

Shamima alihamia Muthara kwa dada yake Mwanamisi, mwenye duka dogo la nafaka. Hupepeta maharagwe, hupanga magunia, huongea kidogo. Mara mbili ameletewa habari za ploti inayotafuta keateka, na mara mbili amesema mgongo unamuuma. Shukri amemwomba aende Isiolo akakae naye. Anasema ataangalia.

Wapangaji wachache bado humpigia. Juzi alipiga Makandi, msichana wa saluni wa chumba cha nne, sauti imejaa kilio. Alikuwa akijimwagia maji ndani, kwenye beseni, kwa kuwa bafu la nje lilikuwa na foleni, mara mlango ukafunguka na Kathuri akaingia na simu yake mkononi akikagua soketi. Hakutoka. Alimaliza ukaguzi kwanza.

"Nifanye nini, Mama Shukri?"

Shamima aliweka ungo chini. "Vaa kwanza. Umevaa?"

"Nimevaa."

"Akija tena, weka kiti nyuma ya mlango. Kikaze chini ya kitasa, hata awe na ufunguo hataweza..." Akakatisha. Aliona moshi. Aliona kiti kimekazwa kwa ndani, na watu nje na ndoo zao. "Hapana. Usiweke kiti, Makandi. Usiweke."

"Niweke au nisiweke?"

Mwanamisi aliacha kuhesabu vikombe vya nafaka akamtazama dada yake. Mteja alikuwa mlangoni akitaka mahindi.

"Mama Shukri? Uko?"

"Niko," Shamima alisema. Akaendelea kuishika simu sikioni, na Makandi akaendelea kungoja.